Mleta mada, usitume hiyo advansi

Mkuu simama hapo hapo, weka simu chini. Umeandika kwamba muuzaji anataka advansi leo jioni, kwamba huyo mtoto wa paka wa aina ya Ocicat "ana damu ya chui kidogo" kwa hiyo ni mgumu na hahitaji vipimo, halafu unatuuliza uchukue rangi gani na kama ataelewana na mbwa wako. Rangi! Hayo maneno ya damu ya chui niliambiwa na mimi, hivyo hivyo, nikachekelea, nikalipa. Salamu tutapeana baadaye.

Ocicat hana damu ya chui hata tone. Hana ya oseloti pia, yule paka-mwitu wa Amerika aliyefananishwa naye hadi akapewa jina. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1964 huko Michigan, Marekani, nyumbani kwa mama mmoja mfuga paka aitwaye Virginia Daly. Alikuwa anachanganya paka wa Siam na wa Abisinia akitafuta kitu kingine kabisa, akazaliwa mmoja mweupe wa maziwa mwenye madoa ya dhahabu. Akaitwa Tonga, akahasiwa, akauzwa kama paka wa kufuga tu. Uzao ukarudiwa, baadaye wakaongeza paka wa Kimarekani wenye manyoya mafupi. Basi. Hayo madoa yote ni kazi ya paka wa sebuleni.

Unaweza kusema hilo ni chumvi ya biashara, halimdhuru mtu. Linadhuru. Ukoo wa Abisinia umebeba ugonjwa wa damu ambao kwenye karatasi huandikwa PK: chembe nyekundu zinakosa kimeng'enya fulani, zinakufa kabla ya wakati wake. Ocicat ameurithi huko. Sasa ukiambiwa paka wako ni nusu mnyama wa porini, utawaza kuuliza habari za Abisinia? Mimi sikuwaza.

Wangu nilimwita Chui (ndiyo, najua, chekeni). Mwaka wa kwanza alikuwa balaa: anafungua kabati, ukirusha mpira anakurudishia, ukienda chooni anakusubiri mlangoni kama askari. Mwaka wa pili akaanza kulala. Analala asubuhi, analala jioni. Nikawa najisifu kwa wageni kwamba nimemlea vizuri, amekua, ametulia. Wiki nzima najisifu, kumbe mtoto anaishiwa damu.

Siku moja akaruka kwenda dirishani, pale alipokuwa anapanda bila hata kupaangalia. Miguu ya mbele ikashika, ya nyuma ikabaki hewani, akadondoka. Akakaa anatazama ukuta kama vile ndivyo alivyopanga. Nikamfunua mdomo: fizi nyeupe kama karatasi.

Daktari alianza na viroboto na minyoo, hakukuta kitu. Kipimo cha DNA ndicho kilichosema. Akaongezewa damu ya paka mwingine, dume mmoja mnene, mweusi na mweupe, hana ukoo wala cheti. Kwa hiyo leo nikiulizwa kama Chui ana damu ya nje najibu anayo, na ninamjua mwenyewe. Dawa ya kuuponya hakuna. Anaishi, ila kila nikimshika lazima nimfunue mdomo, na yeye amenichoka.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu "wangu wote wazima", kisha akanizuia. Na kuna bingwa mmoja alinishauri kwamba karatasi ni za watu wa mashindano tu. Huyo nikimkumbuka hadi leo chakula kinanipalia.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: majibu ya DNA ya baba NA mama, ya PK, mkononi, kabla hela haijatoka. Kipimo chenyewe ni kijiti cha pamba kinachosuguliwa shavuni kwa ndani, asikwambie habari za ugumu. Asikupe cheti cha daktari kwamba "wazazi wako fiti", maana paka mwenye jeni moja tu mbovu yuko fiti maisha yake yote. Ni mbebaji. Ukikutanisha wabebaji wawili, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuumwa. Mbebaji na mzima hawazai mgonjwa, ndiyo maana nataka kuona majibu ya wote wawili. Halafu linganisha namba ya chipu (ile anayowekwa paka chini ya ngozi) iliyo kwenye majibu na iliyo kwenye cheti cha ukoo, wasikupe majibu ya paka wa jirani. Upofu unaokuja polepole nao una kipimo chake, unatokea ukoo ule ule, waulize hapo hapo.

Mbwa wataelewana, Ocicat anapenda kampani. Na hiyo rangi uliyoulizia... aah, itakuja yenyewe.

Mwambie leo akutumie majibu ya wazazi wote wawili. Akianza tena hadithi za chui, nitumie namba yake inbox, nione kama ni yule yule.