Usizime antivairasi, soma kwanza jina ililokupa

Mkuu, umesema umepakua programu ya mauzo kwenye tovuti ya wenyewe, antivairasi ikaimeza kabla hujamaliza kuinstoli, na fundi wako anakwambia izime tu uendelee. Subiri kidogo.

Mimi yamenikuta nikiwa upande wa mtengenezaji. Niliandika kijiprogramu cha stoo kwa lugha ya Python, cha duka la dawa la shemeji yangu, nikakifunga kwa PyInstaller, kifaa cha kufungashia programu za Python, kikawa faili moja la .exe. Kwenye laptopu yangu kinadunda vizuri tu. Nikafika dukani na flashi, nikakikopi: ikoni ikatokea sekunde mbili, ikayeyuka. Shemeji akaniangalia. "Shem, ndo umeniletea virusi?"

Shida haikuwa kwenye kodi (maelekezo ya programu) niliyoandika, ilikuwa kwenye ganda la kufungia. PyInstaller humpa kila mtu ganda lilelile, na waandika virusi nao wanalitumia. Ukibofya, linajifungua, linamwaga mafaili kwenye foda ya muda, halafu linayaendesha. Trojani nyingi (virusi vinavyojifanya programu nzuri) ndivyo zinavyofanya. Ongeza kwamba faili langu halikuwa na sahihi ya kidijitali, ile ya kuthibitisha nani kalitengeneza, na hakuna kompyuta nyingine iliyowahi kuliona. Nikalifunga upya kama foda badala ya faili moja, bila kulibana kwa UPX (kifaa cha kupunguza ukubwa wa programu), nikawatumia pia wenye antivairasi wakalikague. Likapita.

Kwa hiyo fungua historia ya antivairasi yako usome jina ililolipa tishio hilo. Ukiona Generic, Heur, au kwenye Windows Defender mwisho umeandikwa !ml, mashine imekisia kutokana na sura au tabia ya faili. PUA mara nyingi ni programu iliyobeba matangazo au vikorokoro usivyoviomba. Ila likitajwa jina kama RedLine au AgentTesla, hao ni wezi wa nywila, usilete utani.

Kisha lipandishe kwenye tovuti ya VirusTotal, linapimwa na antivairasi karibu 70. Zikilalamika mbili tatu zisizo na jina kubwa, napumua. Zikiwa 30, nafuta. (Usipandishe mafaili yenye taarifa za wateja, kule watu wengine wanaweza kuyapata.) Kama tovuti ya programu imeweka SHA-256 (kama alama ya kidole ya faili, inabadilika likiguswa), andika kwenye CMD, dirisha la amri la Windows, certutil -hashfile jina.exe SHA256 ulinganishe herufi zote 64.

Na hiyo "tovuti ya wenyewe" isikulaze. Machi 2023 wateja wa 3CX, programu ya simu za ofisini, walikaa karibu wiki wakiona maonyo, na wengi wakadhani antivairasi imekosea. Faili lilitoka kwa kampuni yenyewe, tena na sahihi yake. Kumbe wadukuzi walishaingia hadi jikoni wanakotengenezea programu. Ndiyo maana mimi huwa nawaandikia wenye programu kabla ya kuruhusu chochote.

Wakithibitisha, ruhusu faili hilo moja tu. Usiruhusu foda nzima ya Downloads, maana hapo ndipo uchafu wote unapotua. Na kama ni toleo la "bure" lililokuja na kreki, hapo hatuna mjadala, futa.

Weka hapa jina kamili lililotokea na idadi uliyopata VirusTotal, tuangalie.