Kukodi nyumba Lake Arrowhead hakukupi ruhusa ya boti

Umekodi nyumba Lake Arrowhead na unajiuliza kama uende na boti yako? Hapana, usiiburute mpaka kule, wala kayaki. Lake Arrowhead ya California ni ziwa binafsi la Arrowhead Lake Association, chama cha wenye mali wa hapo, na chombo hakishuki majini mpaka kisajiliwe kwao na mwenye mali ndani ya eneo la Arrowhead Woods. Mpangaji wa wikendi hahesabiki.

Na wenye mali hao wana haki yao. Baada ya tetemeko la San Fernando la 1971 ukuta wa bwawa la zamani lililozuia maji ya ziwa ulionekana haungehimili mtikisiko mkubwa, wakazi wakapiga kura wakakopa fedha, wakanunua ziwa na kujenga bwawa jipya. Mzigo waliubeba wenyewe.

Ukitaka tu kuzunguka majini, kata tiketi ya Arrowhead Queen, boti ya kutembeza watalii, pale kijijini, hiyo ni ya kila mtu. Kama lazima uendeshe boti yako, nenda Silverwood Lake, ni la jimbo na liko jirani. Ila ikaushe kabisa kabla ya kutoka nyumbani: wanakagua kome wa quagga, konokono wadogo wavamizi wa majini wanaosafiri na boti, na maji yakikutwa yametuama chini ya sakafu ya boti utageuzwa getini.