Wadogo zangu wa TLS, jiulizeni "lini"

Wiki iliyopita niliketi kupitia msimbo wa mdogo wangu mmoja kazini, na nilipofika kwenye add_cb yake (funksheni ambayo maktaba ya OpenSSL huiita ili ipewe data ya kutuma) nikakutana na mistari ninayoijua kama kovu la gotini kwangu: unsigned char buf[16], kisha *out = buf, kisha return 1. Nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika, halafu nikaona haya, kwa sababu mistari hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, na matokeo yake yalinipotezea siku tatu pamoja na heshima niliyokuwa nayo kwa mhasibu wa Tanga. Nyinyi mnaoanza kuongeza viendelezi vyenu (vipande vya data vya ziada) kwenye handisheki ya TLS, yaani mazungumzo ya kufungua muunganisho uliosimbwa, kwa kutumia OpenSSL, someni haya kabla hamjanitumia kingine cha kupitia.

1. Namba ya kiendelezi ichaguliwe kati ya 65280 na 65535, eneo lililotengwa kwa matumizi binafsi, isipokuwa 65281 ambayo ina mwenyewe. Mdogo wangu alichukua 16 kwa kuwa "ilikuwa fupi", kumbe ni ya ALPN, kiendelezi cha kukubaliana itifaki. SSL_CTX_add_custom_ext, funksheni ya kusajili kiendelezi, ikamrudishia 0, yaani imekataa, naye hakuitazama.

2. Achaneni na SSL_CTX_add_client_custom_ext. Funksheni hiyo ilikuja na toleo la 1.0.2 mwaka 2015, na viendelezi inavyosajili vinahudumiwa kwenye TLS 1.2 kurudi nyuma tu, kwa hiyo siku pande zote mbili zitakapokubaliana kutumia 1.3, kiendelezi chenu hakitashughulikiwa na hakuna atakayewaambia. Tumieni SSL_CTX_add_custom_ext ya toleo la 1.1.1, ambayo inawalazimisha kutaja kiendelezi kiende kwenye ujumbe upi.

3. Sasa tuje kwenye kumbukumbu, na hapa mnivumilie.

Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi iliuza vifaa vya ujenzi na ilikuwa na matawi mikoani. Programu moja pale Dar es Salaam ilikusanya mauzo ya matawi yote, kisha ikafungua muunganisho wa TLS kwa kila tawi, kwa cheti (kitambulisho cha kidijitali) cha tawi hilo, hadi kwenye seva ya uhasibu. Mimi, kwa ujana na kiherehere, nikaona ni jambo la kisasa kuiweka namba ya tawi ndani ya kiendelezi kwenye ClientHello, ujumbe wa kwanza wa mteja. Nikaandika bafa (kijisehemu cha kumbukumbu cha kushikilia data) ndani ya add_cb, nikaelekeza pointa, yaani anwani, kwake, nikarudisha 1. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri kabisa. Nilipoikompaili kwa -O2 (chaguo la kuharakisha programu) na kuipeleka kwenye seva, takataka zikaanza kusafiri mahali pa namba ya tawi, kwa sababu bafa ile iliishi kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya funksheni, na maktaba huisoma pointa baada ya add_cb kumaliza kazi yake, wakati nyumba imeshabomolewa. Baiti zilizotoka hapo zilikuwa mabaki ya kumbukumbu ya programu yangu, tena zilitoka wazi, kwa maana ClientHello haijasimbwa. Hata hilo halikunishtua ipasavyo. Nilitafuta njia ya mkato, nikaongeza neno moja mbele ya bafa: static, linaloifanya iwe ya kudumu. Takataka zikakoma, majaribio yote yakapita, nikaenda kula chipsi mayai nikijiona fundi.

Majaribio yangu yalifungua muunganisho mmoja baada ya mwingine, ilhali programu yenyewe ilifungua mingi kwa wakati mmoja, kila mmoja na thredi yake (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine). Bafa ya static ni moja kwa thredi zote. Thredi ya Morogoro iliandika namba yake, na kabla maktaba haijainakili, thredi ya Tanga ikaandika ya kwake juu yake. Nafasi ya kutokea hayo ni finyu mno, ndiyo maana yalitokea mara chache, na ndiyo maana hayakunipata mezani bali yalinipata kwa simu ya mhasibu wa Tanga, mama mpole sana, aliyeniuliza: "Mwanangu, hivi sisi tumeuza mabati lini? Hapa hatuna hata stoo ya kuyaweka."

Siku ya kwanza nilimwambia akague upya hesabu zake. Mpaka leo sentensi hiyo hunirudia nikiwa naoga. Siku ya pili niliilaumu hifadhidata, nikaiwasha upya mchana kweupe watu wakiwa kazini. Siku ya tatu nilifungua Wireshark, programu ya kutazama data inayopita mtandaoni, nikapanga ClientHello moja baada ya nyingine, na saa nne za usiku nikaiona namba ya Tanga imekaa ndani ya muunganisho wa Morogoro. Niliweza kuiona kwa sababu ilipita wazi, na mtu mwingine yeyote aliyekaa njiani angeiona vilevile.

Dawa yake ni fupi: tengeni kumbukumbu kwa malloc ndani ya add_cb, na muiachilie ndani ya free_cb, ambayo maktaba huiita ikishamaliza kutumia data yenu.

4. Asubuhi yake nilimweleza mkuu wangu yote nikitarajia pole. Akauliza swali moja: "Cheti kilisema tawi gani?" Kilisema Morogoro. Seva yangu ilikuwa na cheti halali cha Morogoro mkononi, na bado iliamini kikaratasi kilichoandikwa Tanga. Kosa hili naliona zito kuliko la pointa. Na msidhani mtalisahihisha kwa kulinganisha ndani ya parse_cb (funksheni inayopokea kiendelezi kilichofika), kwa kuwa parse_cb ya ClientHello huitwa kabla cheti cha mteja hakijafika. Hapo hifadhini tu mlichopokea, handisheki ikikamilika ndipo mkilinganishe na cheti. Kama namba yenyewe haifai kuonekana, kwenye TLS 1.3 inaweza kusafiri ndani ya ujumbe wa Certificate, ambao umesimbwa, mradi seva iwe imekiomba kiendelezi hicho kwenye CertificateRequest, ujumbe wake wa kuomba cheti. Au, na hili ndilo ningelifanya leo, itumeni kama data ya kawaida baada ya handisheki, muachane na viendelezi kabisa.

5. Mkiweka bendera ya SSL_EXT_IGNORE_ON_RESUMPTION wakati wa kusajili kiendelezi, parse_cb haitaitwa kikao cha zamani kinapoendelezwa, hivyo tunzeni wenyewe mtakachokihitaji.

6. Isipokuwa kwenye ujumbe kama CertificateRequest, seva haiwezi kutuma kiendelezi ambacho mteja hakukitaja, basi msinitumie ujumbe usiku kwamba add_cb ya seva "haiitwi".

7. Kujaribu seva yenu kwa haraka kwenye TLS 1.2, s_client, programu ya majaribio ya OpenSSL, ina chaguo la -serverinfo linalotuma kiendelezi kitupu cha namba mtakayoitaja na kuwaonyesha jibu.

Basi yule mdogo wangu nilimrudishia msimbo wake nikiwa nimeandika neno moja tu pembeni ya *out = buf: "Inasomwa lini?" Jioni akanitumia marekebisho, na ujumbe wa furaha kwamba ameelewa. Nikafungua. Alikuwa ameongeza static.