Santuri mbili za babu yako

Mwanangu Salimu,

Assalamu alaykum. Huku Tanga hatujambo, alhamdulillahi. Dada yako anakusalimu, na mimi mguu umepoa, napanda ngazi bila kushika ukuta.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema hapo karakana yenu Birmingham, kila mkikaa kunywa chai, wenzako wawili wanabishana juu ya bendi mbili za roki za Uingereza: mmoja ni wa Led Zeppelin, mwingine ni wa Deep Purple, na wote wanaapa kwamba mwenzake hana masikio. Wewe ukawaambia mama yako amekua na santuri za bendi zote mbili kwenye duka la babu yako la ufundi wa redio, hawakuamini, sasa wamekutuma uniulize ipi bora. Nimeona nikuandikie, kwani jambo hili nimekaa nalo tangu utotoni na sijawahi kuulizwa na mtu.

Bora ni Deep Purple. Waambie hivyo, kisha uwasomee sababu zangu, maana yule wa Zeppelin naye ana haki yake na sitaki umnyime.

Santuri zenyewe zilikuja mwaka 1974, nami nina miaka 13. Mzungu mmoja aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge alileta amplifaya yake itengenezwe, akaleta na sahani mbili za kuijaribia. Moja ni Machine Head ya Deep Purple. Nyingine ni ile ya nne ya Led Zeppelin, ambayo juu ya jalada haina jina la bendi wala jina la santuri, kuna picha ya mzee tu amebeba mzigo wa kuni mgongoni. Babu yako aliitazama sana picha ile. Alisema mzee kama huyo anamfahamu, anatoka Amani kila Jumamosi.

Kazi yangu dukani ilikuwa kuweka sindano. Mikono ya babu yako ilikuwa na mafuta na risasi ya kulehemu, hakutaka kuchafua sahani za watu, basi nilikaa kwenye kigoda karibu na gramafoni, akisema "weka", naweka, akisema "toa", natoa. Siku ile tulianza na Deep Purple. Kinanda kilipoingia, babu yako akanyanyua mkono: "Toa! Haijapona hii." Sauti ilikuwa inakwaruza, inanguruma kama spika iliyochanika. Akafungua amplifaya upya, akabadilisha valvu moja, tukaweka tena. Mngurumo ule ule. Akaniambia niweke Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri. Sauti ikatoka safi kabisa. Tukarudi kwa Deep Purple: mngurumo. Hapo ndipo alipokaa chini, akaegemeza kichwa kwenye spika, akasikiliza wimbo mzima bila kusema neno. Mwisho akasema, "Ubovu hauko humu. Mtu huyu kaikwaruza sauti yake mwenyewe, makusudi."

Miaka mingi baadaye nilisoma nikaona alikuwa sahihi. Mpiga kinanda wao, Jon Lord, alikuwa na kinanda cha Hammond. Kinanda kile kwa kawaida hupitishwa kwenye spika yake maalumu inayozunguka, nayo huipa sauti ule mtikisiko mtamu wa kanisani. Lord alikichomeka kwenye amplifaya za Marshall, za gitaa, ili kisimezwe na gitaa la Ritchie Blackmore. Kinanda kikapata meno. Hapo ndipo ulipo moyo wa bendi ile, Salimu. Wapiga ala wawili wenye nguvu sawa, kila mmoja anamjibu mwenzake. Sikiliza Highway Star: kinanda kinasema yake mpaka kinamaliza, halafu gitaa linaingia kumjibu, na Ian Paice nyuma yao kwenye drams hampendelei yeyote.

Mimi nimekulia kwenye mji wa majibizano. Wakati ule Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, klabu mbili za taarabu, na kila harusi ilikuwa na mashabiki wa hapa na wa kule. Sikio langu lilishazoea kungojea jibu. Ndiyo maana sahani ile iliniingia, ingawa Kiingereza chake nilikuwa sikielewi hata mstari.

Sasa kuna jambo wenzako huenda hawalijui, nalo ndilo lililonifanya niandike barua ndefu. Sahani zile mbili zilinaswa na lori moja. Rolling Stones walikuwa na studio ndani ya lori, mitambo yote ya kurekodi imo mle, wakawa wanaikodisha kwa bendi nyingine. Mwanzoni mwa 1971 Led Zeppelin waliipeleka Headley Grange, jumba kuukuu huko Hampshire lililojengwa karne ya 18 kuwekea maskini. Desemba ya mwaka huo huo Deep Purple wakaipeleka Montreux, Uswisi. Lori ni lile lile, mwaka ni ule ule, na wote walikimbia studio za kawaida wakaenda kupigia ndani ya nyumba. Lakini tazama kila mmoja alivyoitumia nyumba yake.

Zeppelin waliziweka drams za John Bonham ukumbini, chini ya ngazi, mahali penye dari ya juu sana. Maikrofoni mbili zikaning'inizwa huko juu ngazini, mbali na ngoma. Kwa hiyo unaposikiliza When the Levee Breaks, unamsikia Bonham pamoja na kuta, ngazi na hewa ya ukumbi. Jumba zima linapiga ngoma.

Deep Purple walikuwa wamepanga kurekodi ndani ya kasino ya Montreux. Tarehe 4 Desemba 1971, Frank Zappa akiwa jukwaani humo, mtu mmoja katika hadhira alifyatua fataki kuelekea darini, kasino ikaungua yote. Wao waliuona moshi ukitanda juu ya ziwa, wakautungia wimbo, Smoke on the Water, ambao leo kila kijana anayenunua gitaa huanza nao. Wakahamia ukumbi mwingine, wakafika katikati ya kazi, majirani wakalalamikia kelele, polisi wakaja. Mwisho wakapata hoteli kubwa iliyofungwa kwa sababu ya baridi, wakajipanga kwenye korido, wakazuia mwangwi kwa magodoro. Njia ya kutoka pale hadi kwenye lori ilikuwa ya kuzunguka mno, kupita vyumbani na kwenye baraza, hata wakachoka kwenda kusikiliza walichorekodi. Wakawa wanapiga tu na kuaminiana.

Mmoja ameufungulia mlango mwangwi, mwingine ameuzima kwa magodoro. Ndiyo tofauti yenyewe. Kwa Zeppelin unasikia mahali. Kwa Purple unasikia mikono ya watu, kila mkono na wake, umekaribia mpaka unaweza kuugusa. Babu yako aliigundua tofauti hii bila kuambiwa na mtu, kwa sababu alizigawia sahani zile kazi mbili. Amplifaya ikitoka mezani aliijaribu kwa Deep Purple, asikie kama kila ala inakaa peke yake. Spika kubwa aliijaribu kwa Zeppelin. Alikuwa anaweka vidole viwili kwenye karatasi ya spika, taratibu, na ngoma ya mguu ya Bonham ikigonga alijua kwa vidole kama kuna mchaniko, hata ule usioonekana kwa macho.

Kwa hiyo yule mwenzako wa Zeppelin akikuambia hakuna mpiga drams aliyemfikia Bonham, mkubalie. Mimi nakubali.

Lakini kuna jambo la Zeppelin linaloniuma. When the Levee Breaks si wao walioutunga mwanzo. Ni wa Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, Wamarekani weusi, waliourekodi mwaka 1929, baada ya yale mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927. Huyo Minnie walimtaja kwenye sahani, na nawashukuru. Willie Dixon, mtunzi mwingine Mmarekani mweusi, hawakumtaja kwenye Whole Lotta Love, mpaka aliposhtaki miaka ya themanini, wakasuluhishana. Mtu alitumia maneno yake, jina lake halipo, na yeye yu hai anasikia redioni! Deep Purple nao hawakutoka safi: ile sauti ya kinanda mwanzoni mwa Child in Time waliitoa kwa bendi ya San Francisco, It's a Beautiful Day, na wamekiri wenyewe. Ila ukipima, mzigo wa Zeppelin ni mzito zaidi, na wenye nyimbo walikuwa watu waliokwisha dhulumiwa vya kutosha.

Umesema hoja kubwa ya yule wa Zeppelin ni kwamba Purple si bendi tena, wamebadilisha watu mno. Zeppelin walikuwa wanne tangu 1968, wanne hao hao. Bonham alipofariki Septemba 1980, wenzake watatu walitangaza hawawezi kuendelea. Tangazo lilitoka tarehe 4 Desemba, siku ile ile ya moto wa Montreux, miaka tisa baadaye. Waliporudi London mwaka 2007 kwa onyesho la usiku mmoja, aliyekaa kwenye kiti cha Bonham ni mwanawe, Jason. Hiyo ni heshima, na zamani nilidhani ndiyo heshima pekee.

Kisha akafariki babu yako, mwaka 1986. Mimi nilitaka duka lifungwe. Nililia, nikamwambia mjomba wako kwamba hakuna mkono utakaoshika bisibisi zile badala ya mkono wa baba. Hakunisikiliza. Aliajiri fundi mmoja, akaondoka baada ya mwaka. Akaja wa pili, hodari lakini mgomvi. Wa tatu alikuja kijana kabisa, leo ana duka lake Muheza. Sikukanyaga pale miezi saba. Siku niliporudi nilikuta mzee wa Pongwe amekuja na redio ya mbao, akamuuliza kijana, "Hapa ndipo kwa fundi Athumani?" Kijana akajibu, "Ndipo, mzee, karibu." Akaipokea kwa mikono miwili kama baba alivyokuwa akipokea. Nilitoka nje nikalia tena, lakini si kwa kilio kile cha kwanza.

Tangu siku hiyo nikiwasikia Deep Purple nawasikia kwa sikio jingine. Gillan mwimbaji na Glover mpiga besi waliondoka 1973, Blackmore 1975, bendi ikavunjika 1976, ikarudi 1984, Blackmore akaondoka tena 1993, Lord akastaafu 2002 na kufariki 2012. Aliyebaki kwenye kiti chake tangu siku ya kwanza ni Ian Paice peke yake. Kila aliyeingia alikuta kigoda cha mtu mwingine, akakikalia na kujibu alipoulizwa. Mwambie mwenzako kwamba kufunga duka kwa ajili ya aliyekufa ni mapenzi, na kulifungua kesho yake asubuhi nako ni mapenzi. Mimi nimeishi na hili la pili, limenilisha mpaka likalipa ada zenu za shule.

Shangazi yako Mwanaidi anakuja huko mwezi ujao. Nimempa sahani ya Zeppelin akuletee, kwa sababu unaishi jirani na kwao: Bonham alizaliwa Redditch na amezikwa Rushock, si mbali na hapo ulipo, na mashabiki humwekea vijiti vya drams na matoazi kaburini. Ukipata siku ya mapumziko nenda ukamsalimie kwa niaba ya babu yako, aliyemjua kwa vidole. Deep Purple inabaki hapa kwangu.

Jalada limeliwa kidogo na mende pembeni, sahani yenyewe haina mkwaruzo. Nyuma utaona mwandiko wa babu yako kwa penseli: "spika kubwa". Usiufute. Isimamishe wima, usiilaze, wala usiiweke karibu na hicho chuma cha joto chenu cha ukutani, itapinda.

Msalimie mkamwana wangu na umbusu mjukuu.

Mama yako