Ukiwatafuta Mliosoma Nao, Nenda na Swali

Wiki iliyopita kuna mwalimu kijana kanitumia meseji, kapangiwa kitengo cha wasioona kwenye shule ya msingi, yuko peke yake, anasema "madam naona nimezikwa huku, nifanyeje nihame?" Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana jibu lake linanigusa mpaka mfupani. Basi nalimwaga hapa na wengine msome.

Mdogo wangu, kabla hujaandika barua ya uhamisho watafute kwanza uliosoma nao.

Mimi nimesoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, pale Tengeru chini ya Mlima Meru, waliopita wanapajua. Tulikuwa watu wazima tayari, wengine wameacha watoto nyumbani, tumetoka kila kona ya nchi hii, tukagawana fani, wa uoni, wa uziwi na wa ulemavu wa akili. Sisi wa uoni tunazunguka tumefungwa vitambaa machoni na fimbo nyeupe mkononi, wale wa uziwi wanatusengenya kwa lugha ya alama mbele ya uso wetu na hatuambulii kitu. Jumamosi wote sokoni Tengeru. Tukamaliza, tukaahidiana, tukapotezana. Hapo katikati kuna watoto, mikopo na mambo mengine, siwachoshi nayo.

Ninachotaka mjue ni ule upweke. Ofisini kila mwalimu analia na darasa lililofurika, wewe una watoto wachache basi unaonekana unakula mshahara wa bure. Mwenzenu akiumwa wa kwanza kutumwa kushika darasa lake ni wewe, "wako si wachache, waache wakae tu." Wakae tu! Mtoto asiyeona ukimwacha akae tu kipindi kizima anafanya nini, anaangalia ubao? Kuna mkuu mmoja zamani aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi yangu ni ya yaya. Wenzangu wakapanda daraja mimi nikabaki, nikiuliza naambiwa faili halionekani. Nimesamehe jamani, ila sijasahau, na kama unasoma hapa mkuu, shikamoo.

Sasa mwaka huu mtu akaniunga kwenye grupu la Whatsapp la tuliosoma pamoja. Mwanzoni yalikuwa yaleyale mnayoyajua, mara harusi, mara nyumba ya mtu imepauliwa, mara michango, mwingine yuko shirika kila siku anapiga picha kaegemea gari lenye antena. Nikakaa kimya, nasoma tu, roho inaniuma kidogo siwezi kudanganya.

Ikaja siku mashine ya Perkins ya darasani ikagoma. Kwa msioijua, ile mashine ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, ina batani sita na ya nafasi katikati, kila batani na nukta yake. Iliyogoma ni ya nukta ya nne, ile ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, unabonyeza nukta haitoki. Sasa herufi M ni nukta ya 1, 3 na 4, ukiondoa ya 4 inabaki K. Mtoto wangu wa darasa la pili kaandika "mama", kapitisha vidole asome alichoandika, akaniambia "madam, mbona imetoka kaka?" Darasa zima kicheko, na mimi nikacheka, halafu nikakumbuka hiyo ndiyo mashine pekee iliyokuwa imebaki nzima.

Nikatupia grupu video na swali, hata salamu sikuweka. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufundisha Buigiri, ile shule ya kwanza ya wasioona nchini, ya tangu 1950, akanipigia video palepale, "weka simu juu ya meza, chukua bisibisi." Ndani vumbi la chaki na mafuta ya cherehani aliyomimina fundi wa mtaani vimeshikana kama ukoko wa sufuria. Tukasugua na mswaki taratibu, yeye anafoka "usivute hiyo!", tukarudisha kava, nikabonyeza. M ikarudi kuwa M.

Kuanzia hapo grupu likageuka. Mtu akauliza habari za mtoto kiziwi ambaye na macho yameanza kufifia, mwingine akauliza muda wa ziada kwa wasioona mtihani wa darasa la saba, akajibiwa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa masomo mengine. Watu waliokaa kimya muda wote wakaanza kuandika insha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huohuo, nenda na swali. Ukienda na sifa watakupa laiki, ukienda na mchango watakukwepa, lakini ukiuliza kitu cha kazi mtu anakumbuka kwamba kuna kitu anakijua. Uliza hata kama unaona aibu. Uliza tena. Na usijilinganishe na mtu, maana huyohuyo wa gari lenye antena alinifuata inbox, mtoto wa dada yake anapoteza uoni na yeye nukta nundu ameshaisahau yote, ananiomba nimkumbushe. Nikamfundisha upya kuanzia A, wala sikumsema, ingawa maneno nilikuwa nayo.

Na wewe kijana, uhamisho ni haki yako, omba ukitaka. Ila usiombe kwa sababu ya maneno ya ofisini, wale watoto hawajakusema vibaya hata siku moja, na wewe ndiye mtu mzima pekee shuleni hapo anayeweza kusoma walichoandika. Fikiria hilo kwanza. Namba ya admini nitakutumia, akishakuunga uliza hata leo usiku.

Halafu kama kuna mwenye vitabu vya Hisabati vya nukta nundu vya darasa la nne vimekaa tu stoo, anitafute. Nauli ya basi nalipa mimi.