Maruweruwe si sawa na imani potofu

Dada uliyeuliza maana ya "ana maruweruwe, hana imani potofu" kwenye faili la hospitali la mdogo wako, pale daktari anapoandika hali ya akili ya mgonjwa: hivyo ni vitu viwili tofauti. Maruweruwe ni kusikia au kuona kisichokuwepo. Mtu kakaa peke yake chumbani Mbagala, ghafla anageuka kumjibu anayemwita. Imani potofu ni wazo lisilo kweli ambalo hata umwonyeshe ushahidi habanduki, mfano kwamba makonda wote wa daladala wanamfuatilia. Hapa daktari anatakiwa kuwa makini sana: kuamini majini peke yake si ugonjwa, ikiwa ndugu na majirani zake nao wanaamini hivyo hivyo.

Kwenye faili hilo kuna pia hali ya moyo, yaani mgonjwa anavyojisikia kwa maneno yake mwenyewe, na hisia zinazoonekana usoni. Nimewahi kumwona mama akisema "sijambo kabisa" huku machozi yanadondokea khanga. Pengo hilo huandikwa. Kuna na utambuzi, yaani iwapo mgonjwa mwenyewe anajua kwamba anaumwa.

Tafadhali, muulize mdogo wako sauti zinamwambia nini. Zikimwamuru ajidhuru, mpeleke hospitali leo leo, usisubiri siku ya kliniki.