Oili ya lori kwenye gari dogo: dumu la mjomba lilivyonifundisha

Mjomba wangu ana lori. Siku moja alibakiwa na nusu dumu ya oili ya dizeli, 15W-40, akaniita nikaichukue. Nikamwambia gari langu ni la petroli, na kitabu chake kinataka 0W-20. Akacheka. "Mpwa wangu, oili inayobeba tani 30 mlimani itashindwa na hako kagari?" Sikuwa na jibu. Jumamosi hiyohiyo nikamwaga oili ya zamani, nikabadilisha filta, nikajaza ya mjomba.

Wiki za kwanza nilijiona mjanja. Injini ilitulia, nikadhani utulivu ule ndio afya, kumbe oili nzito huziba kelele tu. Kisha zikaja asubuhi za baridi. Nikiwasha, kwa sekunde mbili tatu nasikia kere-kere upande wa cheni ya taimingi, halafu kimya. Nikapuuza. Haikuchukua muda taa ya injini ikawaka, na gari likawa gumu kuchanganya mwendo.

Fundi alichomeka mashine ya kusomea, ikaleta msimbo P0011: kamshafti, ule mhimili unaofungua na kufunga njia za hewa na moshi za injini, haikai pale kompyuta inapoitaka. Kabla hajafungua chochote alichomoa kijiti cha oili, akasugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, akalinusa. "Kaka, umeweka oili gani humu?" Nilipomweleza hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alichonionyesha ni valvu ndogo, haizidi kidole kwa urefu, yenye kichujio cha wavu mwembamba kama chandarua. Injini za siku hizi husogeza kamshafti kwa presha ya oili inayopita kwenye valvu hiyo, na vijia vyake vimepimwa kwa oili nyepesi. Ukipitisha nzito, inafika kwa kuchelewa, na kompyuta inalalamika. Nisimwonee mjomba: kichujio kilikuwa na uchafu wa siku nyingi, na fundi alisema kingekuwa safi huenda taa ingechelewa sana kuwaka. Alikisafisha, tukarudisha 0W-20. Taa haijawaka tena, na kere-kere imekwisha.

Namba za kwenye dumu nilikuwa nazisoma kama bei za sokoni, kubwa ndiyo bora. Sivyo. Ile iliyo kabla ya W inahusu baridi: oili ya 0W hupimwa kama pampu inaweza kuisukuma kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ya 15W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Hata usipoishi penye barafu, tofauti hiyo ipo kila unapowasha injini iliyolala usiku kucha. Ile ya pili ni uzito oili ikiwa moto, kwenye nyuzi 100.

Lakini uzito ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, nyuma ya dumu. Zinazoanza na S, kama SN na SP, ni za injini za petroli. Zinazoanza na C, kama CI-4 na CK-4, ni za dizeli kubwa. Oili ya lori imetengenezwa kupambana na masizi, kwa hiyo ina "sabuni" nyingi, yaani kemikali za kusafisha injini, na fosforasi nyingi ya kuzuia vyuma visilane. Oili nyepesi ya petroli ya daraja la SP, kama 0W-20 au 5W-30, fosforasi yake haitakiwi kuzidi sehemu 800 kwa milioni. CK-4 inaruhusiwa kufika 1,200.

Kwa nini petroli ibanwe hivyo? Kwa sababu ya kataliti, lile sega la kusafisha moshi ndani ya ekzosi. Oili inayopenya kwenye ringi na kuungua hupeleka fosforasi huko, ikaganda juu ya sega na kuliua polepole. Na hapa ndipo ninaposhangaa: wengi wanaokimbilia oili ya lori ni wenye injini zilizochoka, zinazokula oili. Hizo ndizo zinazopeleka sumu nyingi zaidi kwenye kataliti!

Ukiwa na injini ndogo ya petroli yenye tabo (pampu ya kushindilia hewa) na sindano zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, usijaribu kabisa. Kalsiamu nyingi kwenye "sabuni" ya oili huchangia mafuta kuwaka kabla ya cheche, na kishindo chake kinaweza kupasua pistoni. Kipimo cha tatizo hilo kiliingizwa kwenye SN Plus mwaka 2018, kisha SP mwaka 2020.

Wenye gari dogo la dizeli nao wasijidanganye kwamba dizeli ni dizeli. Kama lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, tafuta oili yenye majivu machache, mfano C3 ya ACEA, chama cha watengeneza magari wa Ulaya, au ile kitabu kinayoitaja. Masizi huunguzwa na kichujio chenyewe. Majivu ya oili hayaungui, yanajaa humo kama jiko lisilozolewa.

Kuna pahali mjomba ana haki. Injini ya zamani ya kebureta, isiyo na kataliti, ambayo kitabu chake kinaruhusu 15W-40, huifurahia oili hii, hasa kama tapeti zake ni zile bapa zinazosuguana moja kwa moja na kamshafti. Dumu likiandikwa CI-4/SL, maana yake imepimwa kwa petroli pia, ingawa dizeli ndiyo kazi yake ya kwanza. Na ukikwama njiani taa ya oili imewaka, kijiti kikavu, na kilichopo ni oili ya lori tu, ongeza. Zitachanganyika. Ukifika, mwaga yote uweke inayotakiwa.

Oili iliyobaki niliipeleka kwenye pikapu ya zamani ya nyumbani, inaenda nayo vizuri hadi leo. Mjomba akija huifungua boneti yake, anachomoa kijiti, ananitazama bila kusema neno.